Kidude cha Maji na Barua Saba

Kabla ya kidude, kazi ya kuchunga maji ya nyumba ilikuwa ya Bibi Shariffa, na hakuna aliyempa kazi hiyo, aliichukua mwenyewe. Maji ya mfereji yalikuja Hamriya, mtaa wa Masqat, kwa kujisikia, yakaingia kwenye tangi la chini, na kutoka hapo ilibidi yapandishwe kwa pampu hadi tangi la juu ya paa. Bibi alikuwa na kiti chake cha plastiki mlangoni mwa ngazi, chini ya swichi. Asubuhi aliwasha, akakaa, akavuta uradi wake huku masikio yako juu. Sauti ya maji ikibadilika, yakaanza kugonga karibu na kifuniko, alizima. Miaka kumi na mitano hakuna tone lililomwagika bila ya idhini yake.

Halafu, mwaka wa tisini na saba, akasahau mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza alipitiwa na usingizi, maji yakatiririka mpaka kwa fundi viatu aliyekaa kichochoroni. Mara ya pili tangi la chini lilikauka, pampu ikazunguka patupu mpaka ikaungua. Mwanawe Zahor, ambaye riziki yake ilikuwa kusuka mota za pampu za watu katika karakana ya chini ya nyumba hiyo hiyo, akaisuka ya kwao kimya kimya bila ya kusema neno. Hapo ndipo Bibi alipojua kuwa mambo ni makubwa, maana Zahor akikasirika kidogo husema mchana kutwa.

"Nitatengeneza kidude cha kuchunga maji," alisema Khawla, binti wa pekee wa Zahor. "Bibi apumzike."

"Nani kakwambia n'mechoka?" Bibi akauliza. "Mnan'staafisha, na mshahara sijauonja!"

Khawla alikuwa na miaka ishirini na tatu, na cheti cha elektroniki kimetundikwa ukutani sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Kazi ndiyo haikuwapo. Aliomba huku na huko, na kila ofisi ikamjibu kwa barua safi iliyoanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na salamu ndefu za heshima, kisha katikati ikasema hapana. Nyumbani aliwaambia habari ya barua tatu. Zilikuwa saba. Nne alizipokea mwenyewe posta, akazisoma njiani, akazikunjakunja na kuzitupa kwenye ndoo ya taka ya jikoni chini ya maganda, asije mtu akamwonea huruma. Huruma ya nyumbani ilimshinda kuliko hapana ya ofisini.

Zahor naye alikuwa na lake. Pampu mpya za bei rahisi zilikuwa zimeingia sokoni, na watu waliona heri kununua kuliko kusuka. Basi akazungumza na binamu yake mwenye duka la vigae, akapata nafasi ya Khawla: kupokea simu na kuwapa wateja kahawa, kuanzia mwezi wa nane. "Kazi ni kazi," alimwambia bintiye, akiangalia pembeni.

Aliyeleta tumaini ni Murshid, mkandarasi mwenye tumbo la kutangulia na moyo usio mbaya. Alikuja na pampu yake mbovu, akaiona michoro ya Khawla juu ya meza ya karakana, akauliza ni nini. Khawla akamweleza. Murshid akakuna ndevu.

"Nna nyumba sitini najenga Al Khoud. Kila nyumba inataka kitu kama hicho. Dubai wananiuzia riyali tisa kimoja."

"Mie nitakupa kwa sita, ami," Khawla akasema, kabla hajapiga hesabu yoyote. Zahor akakohoa.

Murshid akacheka. "Haya. Kiweke juu ya paa lenu, katika jua hili hili. Siku thelathini, bila ya mtu kukigusa. Nikija nikakikuta kizima, nyumba sitini ni zako."

Ikawa hivyo: nyumba sitini, au simu ya duka la vigae.

*

Ghanim aliyeleta vipuri kutoka Dubai kila Jumatatu alizipanga chipu tatu juu ya sinia la vikombe vya kahawa. Zote nyeusi, zote zina miguu kumi na minane, mfano wa mende waliolala chali.

"Kompyuta nzima hiyo," Khawla alimwambia baba yake. "Ila haijui kitu mpaka uiandikie la kufanya."

"Hii ya kwanza," Ghanim alisema, "inafutika kwa umeme. Unaandika, unafuta, unaandika tena mpaka uchoke wewe. Riyali tatu na nusu. Hii ya pili ina dirisha." Kweli, mgongoni ilikuwa na kijidirisha cha kioo, mviringo, na ndani yake kitu kikimetameta. "Inafutika kwa mwanga. Unaiweka chini ya taa ya zambarau nusu saa, inasahau yote. Riyali sita. Na hii ya tatu ni ndugu yake wa tumbo moja, ila haina dirisha. Hiyo unaiandikia mara moja tu. Ukikosea, itupe. Baisa mia saba tu, hata riyali haitimii."

Zahor akaichukua ile yenye dirisha, akaigeuza geuza. "Kioo hiki cha nini? Cha kupozea joto?"

Ghanim akaangua kicheko, kile kicheko anachochekewa fundi mkongwe mbele ya mwanawe. "Mzee, hii si mota!"

Zahor akairudisha siniani pole pole na kujifuta vidole kwenye kanzu, ingawa havikuwa na uchafu. Khawla aliyaona masikio ya baba yake yakiiva.

"Baba kauliza la maana," akasema. "Joto ndilo ninalotaka kujua na mie. Hizi za baisa mia saba zinavumilia mpaka digrii ngapi?"

Ghanim hakujua. Ilimbidi afungue kitabu chake, apekue, atafute miwani. Ikaonekana zile za kawaida mwisho wake sabini, na ndani ya boksi juu ya paa la Masqat, mwezi wa saba, sabini si mbali. Zilikuwapo nyingine, zenye herufi moja ya ziada mwishoni mwa namba, zinazofika themanini na tano, kwa nyongeza ya baisa mia na hamsini.

"Basi hizo zenye herufi," Khawla akasema, na Ghanim akaacha kucheka.

Hesabu haikumpa nafasi ya kuchagua kwa moyo. Katika riyali sita mlikuwa na transfoma, swichi ya kuwashia pampu, nyaya za kupimia maji, taa, na faida ya kula. Kilichobaki kwa ajili ya akili ya kidude ni riyali moja tu. Chipu ya riyali tatu na nusu ikatoka hapo hapo. Lakini ya kuandika mara moja haimfai mtu ambaye bado anajifunza, maana kila kosa ni chipu nzima jaani.

"Nitajifunzia kwenye hii ya dirisha," akamwambia baba yake. "Nikosee, nifute, nikosee, nifute. Siku nikiwa na hakika, maneno yale yale nayaandika kwenye hizi za bei rahisi. Ni ndugu, zinasikia lugha moja."

Zahor akafikiri. "Fundi wa nguo hujaribia marikani, kisha ndo akakata hariri. Weye unajaribia hariri ili ushone marikani."

"Ndo hivyo hivyo, baba."

Zahor akacheka, akatia mkono mfukoni. Wakanunua moja ya dirisha, na mbili za mara moja.

*

Mwanzoni mwa mwezi wa sita kidude kikawa tayari. Khawla alikuwa ameazima taa ya zambarau chuoni kwake, akafuta na kuandika mara thelathini na kitu, mpaka mama yake, Hamdiya, akaanza kumpelekea chakula karakana kama mfungwa. Kikabaki kitu kimoja: boksi. Boksi la kuzuia maji na vumbi lilikuwa riyali mbili na nusu, na hiyo ilikuwa ghali.

"Na mie," Bibi aliuliza kutoka kitini kwake, "n'takionaje kama kinafanya kazi? Au hilo nalo hal'nihusu?"

Khawla akamwangalia. Bibi alikuwa amekaa chini ya swichi yake isiyokuwa tena na kazi, tasbihi mkononi, miguu haifiki chini sawasawa. Huruma ikamwingia moyoni. Akaenda jikoni, akatoa bakuli la halua iliyokwisha, la plastiki, lenye kifuniko cha kuona ndani. Akalitia kidude. Akaweka taa ya kijani ya kusema kuwa mambo ni shwari na nyekundu ya kusema tangi la chini limekauka, Bibi akisimama mlangoni mwa paa aone mwenyewe.

Kifuniko kilikuwa na karatasi ya dhahabu yenye jina la mwenye duka, kwa maandishi ya Kiarabu yaliyopambwa. Khawla akaibandua ili kifuniko kionyeshe ndani. Kisha akakumbuka dirisha la chipu, maana ndani bado mlikuwa na ile ya kujifunzia. Mwalimu wao aliwaambia kila wiki: likiachwa wazi, mwanga hula akili ya chipu pole pole, na jua ndilo mlaji mkubwa. Vile vibandiko maalumu vya kulifunikia vilikuwa vimemwishia. Lakini karatasi ya halua ilikuwa nzito, haipitishi mwanga, na gundi yake nzuri. Akakata kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, akalifunika dirisha, akafunga kifuniko kwa utepe pande zote. Alipendezewa na nafsi yake. Hakusoma alichokikata.

Wiki ya kwanza Bibi alikaa kitini vile vile. Pampu ikijiwasha, yeye hunyanyua kidole. Ikijizima, hukishusha, akasema "Mashaalla" kwa pembe ya mdomo. Wiki ya pili akawa anapanda paani kila siku mara mbili, kwa kisingizio cha ndimu alizozianika, na kila akirudi humwambia Khawla: "Kijani." Wiki ya tatu Khawla akaanza kuota nyumba sitini.

*

Murshid hakungoja siku thelathini. Alikuja siku ya ishirini na nane, Alkhamisi asubuhi, eti anapita tu. Akawekewa mkeka uani, chini ya ukuta wenye kivuli. Hamdiya akaleta kahawa na halua. Na kama iliyoitwa, pampu ikawaka.

"Yenyewe?" Murshid akauliza.

"Yenyewe," Zahor akajibu, na kifua kikapanda.

Wakazungumza. Zahor akaeleza habari za mota za zamani, Murshid akalalamikia bei ya saruji. Pampu ikaendelea. Khawla alikuwa amesimama karibu na mlango wa ngazi, naye akaanza kusikiliza kwa sikio moja, kisha kwa mawili.

Bibi akaacha kuvuta uradi. "Limeshajaa," akasema.

"Kitazima chenyewe, mama," Zahor akasema bila ya kugeuka.

"Khawla. Nnakwambia limeshajaa."

Maji yakaja. Yalipita juu ya ukuta wa paa yakiwa moto kwa jua, yamebeba vumbi, manyoya na mavi ya njiwa ya mwaka mzima, yakamwangukia Murshid begani, yakajaza kikombe chake, yakaisomba halua. Hamdiya akapiga ukelele. Zahor akasimama, akakaa, akasimama tena. Aliyekuwa na akili ni Bibi peke yake; alinyanyuka na magoti yake mabovu, akaipiga ile swichi ya zamani kwa kiganja, na pampu ikanyamaza.

Murshid hakugomba, na laiti angegomba. "Samahani," akasema, akijitoa unyoya shavuni. "Nimekuja kabla ya siku, kosa langu." Wakampa kanzu ya Zahor abadilishe. Zahor ni mwembamba na mfupi. Murshid akatoka nyumba ile kanzu imembana tumboni, muundi wote nje, na yake imeachwa kwenye beseni. Mlangoni akamwambia Zahor kwa sauti ya upole: "Vile vya Dubai, shekhe, vina dhamana."

Zahor alisubiri gari liondoke. "Jumamosi nitampigia simu binamu," akasema. "Nitamwambia utaanza mapema."

Khawla akapanda paani mbio. Taa ya kijani ilikuwa inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Utepe ulikuwa mahali pake, umebanwa vizuri, vizuri kuliko alivyoubana yeye. Akaufungua. Dirisha la chipu lilikuwa wazi, linamwangalia. Karatasi ya dhahabu haipo.

Chipu ilikuwa imekaa wazi juani kwa siku nyingi, wiki au zaidi. Ilikuwa imesahau nusu ya mambo: kuwasha inakumbuka, kuzima haikumbuki tena. Na mtu aliyepanda paa lile kila siku, kwa kisingizio cha ndimu, alikuwa mmoja.

Baba yake akamkuta hapo. "Nani kakigusa?"

"Hakuna, baba. Nilikosea kufunika."

*

Lakini chumbani kwa Bibi aliingia bila ya kubisha hodi, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni.

"Bibi, umefungua kidude changu?"

"N'mefungua."

Khawla alitegemea angekana. Hilo likamzidishia hasira. "Kwa sababu ya swichi yako! Umeona tumekunyang'anya kazi, ukataka uirudishe. Sasa umeipata. Kaa nayo! Na mie niende nikapokee simu za vigae!"

Alipolisema tu alilijutia, lakini neno likishatoka halina kamba ya kulivutia. Bibi Shariffa alikuwa amekaa kitandani, na uso wake ukawa mdogo. Akainyoosha mikono miwili juu kuelekea kabati.

"N'teremshie lile kopo. Lile la biskuti, la juu kabisa. Mie sif'kii tena."

Khawla akalishusha. Bibi akalifungua juu ya mapaja yake, na kutoka ndani ya karatasi nyembamba akatoa kipande cha dhahabu cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, akamwekea Khawla kiganjani.

Mwenye duka la halua aliitwa Abdallah, yaani mja wa Mungu. Mkasi wa Khawla ulipita katikati ya jina lake, ukamwacha mja upande mmoja na kuchukua upande wa pili. Juu ya kipande kile palikuwa na neno moja tu, jina la Mwenyezi Mungu, limeandikwa kwa mkono mzuri.

"N'liliona kutoka nje ya kifuniko," Bibi alisema. "Kijani n'kiangalia, na jina n'kaliona. Limekatwa peke yake, Khawla, limebandikwa pale, na njiwa wanapita juu yake wananya. Mwili ul'nisisimka. N'kasema mtoto huyu hakuona, hakukusudia. N'kazima umeme kwanza, mie si mjinga. N'kabandua pole pole, n'karudisha utepe kama ulivyokuwa. N'lidhani ni pambo." Akapangusa kifuniko cha kopo kwa kiganja. "Na n'kaona haya kukwambia, usije ukadhani nnakikosoa kidude chako. Kizuri. N'mekipenda tangu siku ya kwanza."

Khawla akaketi chini, mgongo umeegemea kitanda. Yeye ndiye aliyechagua kifuniko cha kuona ndani, ili Bibi aone. Yeye ndiye aliyekata bila ya kusoma.

Ndipo akaviona vilivyobaki ndani ya kopo. Vipande vya magazeti, kalenda za zamani, kurasa za madaftari yake ya shule, karatasi zozote zilizobeba jina hilo na ambazo wengine walizitupa. Na chini yake barua, zimekunjuliwa, zimenyooshwa kwa kiganja mpaka mikunjo imelala. Moja ilikuwa na doa la manjano la binzari. Akazihesabu ingawa hakuwa na haja ya kuzihesabu. Saba.

"Tatu ziliachwa zikizagaa, nne ulizitupa weye," Bibi akasema. "Kila moja inaanza kwa jina lake. Ziende jaani na maganda ya vitunguu?"

"Bibi... unajua zinasema nini?"

"N'nasoma kwa taabu, lakini n'nasoma. Zote saba n'mezisoma." Akainamisha kichwa kumtazama mjukuu wake. "Ya nne ndo ina adabu kidogo. Nyingine hazina hata haya."

Khawla akaweka kichwa kwenye paja la bibi yake akalia, kwanza kwa kidude, halafu kwa zile barua nne ambazo kwa miezi yote hiyo alidhani amezibeba peke yake.

*

Ijumaa, baada ya sala, Murshid alirudi kufuata kanzu yake. Aliikuta imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa udi, iko mikononi mwa Bibi Shariffa, naye hakuiachia.

"Shikamoo, Bi Shariffa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kidude n'likiharibu mie."

Zahor aliyekuwa anamimina kahawa akamwaga pembeni. Bibi akasimulia kisa chote, jina, njiwa, utepe, bila ya kuficha wala kupamba. Khawla aliona jinsi ilivyomgharimu, mwanamke wa umri ule kukiri kosa mbele ya mtu aliyemwona akizaliwa.

"Mie nilisema bila ya mtu kukigusa," Murshid akasema.

"Ulisema, na mie n'kakigusa. Sasa n'ambie weye: ungel'kuta jina hilo pale, ungeliacha?"

Murshid akautazama mkeka. "Nisingeliacha."

"Basi tul'okosa tuko wawili."

Murshid akacheka, tumbo likacheka naye. Kisha akawa mkandarasi tena. "Lakini nyumba sitini, Bi Shariffa, zina bibi sitini."

Khawla akasogea, akafungua kiganja kilichokuwa na chipu. "Ndo maana, ami. Vile vya nyumba zako nitavitia hii. Tazama mgongo wake. Haina dirisha. Haina cha kufunika wala cha kufunua. Bibi sitini wafungue, wapanguse, wafunge."

"Kwa nini hukuitia hii tangu mwanzo?"

"Kwa sababu hii inaandikwa mara moja tu, na mie nilikuwa bado nakosea."

Jibu lile lilimgusa Murshid kuliko dhamana ya Dubai, au pengine ilikuwa ni udi. "Na sasa hukosei?"

"Njoo uone."

Wakashuka karakana wote, hata Bibi. Khawla akaikalisha chipu mahali pake, akaita maneno yake kwenye kompyuta kongwe, akaweka kidole kwenye kitufe.

"Ngoja," Zahor akasema. Akajikuna kichwa, kwa haya. "Sijui kama hili linahusu. Umeme ukikatika pampu ikiwa kazini, kisha ukarudi papo hapo, kidude kinafanya nini?"

"Kinaiwasha tena."

"Papo hapo? Na maji bado yamo bombani yanairudia? Utaniunguzia mota sitini. Iache ipumue dakika mbili, ndo iwake."

Khawla akamwangalia baba yake, akaondoa kidole. Akaandika mistari mitano mipya, akaisoma mara tatu, Zahor akiwa amesimama nyuma yake kama mtu anayesoma pia. Kisha akabonyeza. Bibi akapiga bismillahi kwa sauti. Kazi iliyotaka mwezi mzima ikaingia kwa chini ya dakika moja, na haikuwa ya kufutika tena.

"Tarehe kumi na tano natia saini mkataba wa vile vya Dubai," Murshid akasema akivaa kanzu yake. "Nna siku kumi na moja, sina zaidi. Kiwekeni."

Wakakiweka, ndani ya bakuli lile lile la halua, chipu haina hata karatasi, jua la mwezi wa saba likiishukia waziwazi. Siku kumi na moja nyumba ile haikula vizuri. Umeme ulikatika mara mbili. Pampu ikapumua dakika mbili, ikaamka, na Zahor akatembea uani kama aliyezaa mtoto wa kiume. Bibi alipanda asubuhi na jioni, mikono imefungwa nyuma ya mgongo ili ionekane na watu wote, akashuka akasema "Kijani."

*

Barua ililetwa na dereva wa Murshid, adhuhuri ya tarehe kumi na tano. Zahor akaisoma kwa sauti mara mbili: vidude sitini, riyali sita kimoja, na robo ya fedha mbele kwa ajili ya vipuri. Alipofika penye maneno "Muhandisi Khawla binti Zahor" sauti ikamponyoka, akajifanya anakohoa. Binamu wa vigae akapigiwa simu akaambiwa atafute mwingine.

"Hii itiwe fremu," Hamdiya akasema, "itundikwe pembeni ya cheti!"

"Ilete hapa," akasema Bibi Shariffa. Akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila neno, kuanzia jina la Mwenyezi Mungu juu kabisa mpaka sahihi ya Murshid chini, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. "Ina adabu," akasema mwisho. "Inaishinda ya nne. Khawla, n'teremshie kopo."

"Bibi, unataka kuiweka na zile? Na zile za hapana?"

"Kwani hizo zinaanza kwa jina jingine?"

Khawla akalishusha kopo. Akaikunja barua kwa upole, akailaza juu ya wenzake saba, na juu yake akaweka kile kipande cha dhahabu. Ghafla pampu ikawaka. Bibi akanyanyua kidole, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, na nyumba nzima ikasikiliza naye. Maji yakapanda, sauti ikabadilika, pampu ikajizima. Bibi akashusha kidole.

"Sawasawa," akasema. "Hapo hapo na mie ningezima."